SIMU YA MZEE NI AMANA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa msikitini, mjini Voi, baada ya swala ya Alasiri katika kumi la kwanza la Ramadhan. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukapunguza machache tu.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Wazee wetu mlioegemea nguzo hapo mbele, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu,

Sitawachosha. Najua koo zimekauka, na kina mama wana vyungu vinavyowangoja. Hukumu za saumu masheikh wetu wamezieleza na wataendelea kuzieleza. Mimi leo nimekuja na jambo dogo, ambalo kila mmoja wetu analo mfukoni. Wengine mmelizima kabla ya swala, wengine mmesahau, na tumelisikia likilia katika rakaa ya pili. Nazungumzia simu. Lakini si simu yako wewe kijana. Nazungumzia simu ya baba yako, ya mama yako, ya nyanya yako.

WAZEE HAWAKATAI VITU VIPYA

Sisi vijana tuna neno tunalipenda sana: "Ah, wazee hawataki mambo ya kisasa." Tukishasema hivyo tunajiona tumemaliza. Mimi nasema neno hili si kweli, na ushahidi uko hapa hapa Voi.

Mji huu umekua kwa sababu ya reli. Wazee walioko hapa mbele wamepanda garimoshi la mvuke, wakapanda la dizeli, na tangu 2017 wanapanda SGR, ambayo tiketi yake inakatwa kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa. Ni wao waliokuwa wakikaa na sikio kwenye redio usiku wa mwezi 29, wakingoja tangazo la mwandamo. Na tukirudi nyuma zaidi, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoa karatasi yake ya Sahifa pale Mombasa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Gazeti wakati huo lilikuwa jambo geni, lakini aliona lina faida kwa watu wake, akalitumia.

Sasa tuje kwenye M-Pesa yenyewe. Ilianza Machi 2007. Kabla ya hapo, baba anayefanya kazi bandarini Mombasa akitaka kutuma pesa Voi, Mwatate au Wundanyi, alipanga foleni Posta, au alimpa dereva wa basi bahasha, au alingoja apatikane mtu wa nyumbani anayerudi. Bahasha nyingine zilifika. Nyingine zilifika zimepungua. Nyingine, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. M-Pesa ilipokuja, wazee hawakusubiri kubembelezwa. Mama wa miaka sitini na kitu, ambaye hajawahi kuwa na akaunti ya benki maishani mwake, alichukua mulika mwizi yake akaenda dukani kutoa pesa.

Kwa nini hii waliikubali haraka? Naona sababu tatu.

Kwanza, iliwaletea kitu walichokuwa wakikihitaji tangu zamani: riziki kutoka kwa watoto wao, siku hiyo hiyo, bila kupungua njiani. Pili, haikutaka simu ya gharama. Simu ya vibonye yenye tochi ilitosha. Tatu, na hili ndilo kubwa, palikuwa na mtu. Pale dukani palikuwa na binti au kijana anayemjua mzee, anayemwamkia shikamoo, anayeangalia kitambulisho, anayeandika kwenye daftari, na mzee anatia sahihi. Mzee akikosea, hakuchekwa. Akiuliza mara ya tatu, alijibiwa mara ya tatu.

Kwa hivyo mzee hakatai kitu kwa sababu ni kipya. Mzee anauliza: Kitanifaa nini? Kikiniharibikia, nitamwendea nani? Haya ni maswali ya mtu mwenye akili, si ya mtu aliyepitwa na wakati.

BASI WANAOGOPA NINI?

Nimekaa na wazee, hapa mjini na kule milimani, nikawasikiliza. Hofu zao si ujinga.

Wanaogopa kupoteza. Wewe ukibonyeza vibaya ukapoteza shilingi mia tano, utaipata kesho. Mzee shilingi mia tano yake ndiyo dawa ya mwezi.

Wanaogopa aibu. Mtu aliyelea watoto saba, akajenga nyumba, akasimamia ndoa na mazishi ya mtaa mzima, leo anasimama mbele ya mjukuu wa miaka kumi na mitano ambaye anamwambia, "Nyanya, si nilikuonyesha jana?" Neno hilo dogo linauma kuliko tunavyodhani. Katika Surat Al-Israa tumekatazwa hata kuguna mbele ya wazazi wetu wakifikia uzee. Je, ule mguno tunaoutoa tukiombwa kuangalia simu, mnadhani haumo?

Halafu kuna mambo ya mwili. Macho hayaoni zile herufi ndogo. Ile menyu ya nyota na reli haimngoji mtu: mzee anatafuta miwani, anasoma mstari wa kwanza, akifika wa tatu imekatika, inabidi aanze upya. Na vidole! Mzee aliyeshika jembe au aliyekata katani miaka arobaini, alama za vidole vyake zimefutika. Akiwekwa kwenye mashine, mashine inamkataa, na foleni nyuma yake inanung'unika. Yeye amefanya kosa gani? Kosa lake ni kufanya kazi ili sisi tusome.

SIKU HIZI HAKUNA PA KUKWEPA

Mtu anaweza kusema, basi wazee wastarehe, waachane na simu. Ndugu yangu, siku hizo zimepita.

Mwaka 2022 tuliambiwa laini zote zihakikiwe upya, na wazee wakajikuta kwenye foleni na vitambulisho mkononi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka ikaja SHA, na kujiandikisha kukawa ni kwa *147# au mtandaoni. Wazee wa miaka 70 na zaidi walio katika Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi, nao wanahitaji namba zao ziwe sawa na majina yao yawe sawa. Hata ndovu wakishuka usiku kuingia mashambani, na nyinyi watu wa Sagalla na Kasigau mnayajua haya kuliko mimi, njia ya kuita msaada ni simu.

Kwa hivyo mzee asiyeweza kutumia simu yake mwenyewe hakubaki nje ya mambo haya. Yumo ndani, ila kwa mkono wa mtu mwingine. Na hapo ndipo penye swali langu la leo: huo mkono mwingine ni wa nani, na unafanya nini?

KISA CHANGU MIMI MWENYEWE

Sasa nitasema jambo ambalo ni zito kwangu. Najua kusitiri kosa ni bora. Lakini mwenye haki yake nimemwomba ruhusa, naye akaniambia, "Sema, huenda mwengine akaacha."

Mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, sina kazi. Nilikuwa nakaa na nyanya yangu, mzaa mama. Huyu ndiye aliyenifundisha Juzuu Amma kabla sijapelekwa chuoni. Alikuwa na simu ya vibonye, na ami yangu aliyeko Mombasa alikuwa akimtumia pesa ya dawa za presha kila mwezi. PIN yake niliijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemchagulia. Kila akitaka kutuma au kuangalia salio, alinipa simu. Nilikuwa naichukua mkononi mwake, nabonyeza haraka haraka, namrudishia. "Tayari nyanya." Yeye alikuwa akiniombea dua.

Mwaka huo Fuliza ilikuwa imeanza. Mnaijua: salio halitoshi, unakopeshwa, na pesa ikiingia deni linakatwa lenyewe. Nikamfungulia nyanya Fuliza bila ya yeye kujua. Nikawa najitumia kwenye namba yangu: leo mia mbili, kesho mia, wiki ijayo mia tatu. Nilijiambia nitalipa. Nyingine nilinunua bando. Nyingine ziliishia kwenye kubeti, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mwisho wa mwezi ami akatuma shilingi 1,500. Nyanya akaenda dukani kutoa. Binti wa duka akamwambia, "Bibi, hapa kuna mia sita tu." Nyanya yangu, ambaye hapandishi sauti, siku hiyo aliipandisha. Akamwambia yule binti, "Umenikata pesa za dawa." Binti akamsomea ujumbe: zimekatwa na Fuliza. Nyanya akauliza, "Fuliza ndiyo nani?"

Alinunua dawa za nusu mwezi. Akarudi nyumbani, akanipa simu, akasema, "Nisomee mwanangu, huyu Fuliza ni nani?" Nikaangalia kioo cha simu kama mtu anayesoma, nikamwambia, "Ni makato tu ya mtandao, nyanya."

Akanyamaza. Baadaye akasema, "Basi hii simu si ya watu wa umri wangu." Akaizima, akaifunga kwenye leso, akaiweka kabatini. Na mimi, niseme ukweli, nilishukuru. Niliona nimeokoka.

Miezi michache baadaye, mdogo wake nyanya akafariki kule Taveta. Alifariki asubuhi, akazikwa baada ya Alasiri, kama tunavyofanya Waislamu, hatucheleweshi. Jamaa walipiga ile namba ya nyanya, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Walipiga mara nyingi. Simu ilikuwa kabatini. Habari ilitufikia baada ya Magharibi, imeletwa na mtu. Kutoka hapa Voi mpaka Taveta ni safari ya saa chache tu. Angefika. Angemuona nduguye kwa mara ya mwisho.

Alilia kidogo, akasema ni kadari. Mimi nilijua kwamba kadari haikunipa ruhusa ya kufanya niliyoyafanya.

RAMADHAN YA 2020

Mnaikumbuka Ramadhan ya 2020. Misikiti ilifungwa. Hapakuwa na tarawehe ya jamaa. Tangu Aprili mwaka huo watu walizuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, na ami yangu akawa hawezi kuja Voi hata akitaka. Misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai, ilifunguliwa kwa masharti: wenye zaidi ya miaka 58 wakae nyumbani. Wazee wetu, waliokuwa wa kwanza kufika msikitini kila Alfajiri, ndio waliozuiwa mlangoni.

Na hapo wazee wengi wakafanya jambo ambalo vijana tulisema hawaliwezi. Wakajifunza kusikiliza darsa kwa simu. Wakajifunza kutuma sauti kwa WhatsApp. Nyanya yangu siku moja kabla ya futari akaniambia, "Nasikia wenzangu wanasikiliza darsa kwa simu, na wanawaona watoto wao walio Mombasa. Nitolee ile simu yangu."

Nikaitoa kabatini. Nikaifungua leso. Nikashindwa kumpa kabla ya kusema. Nikamweleza yote, tangu ile mia mbili ya kwanza.

Nilingoja anilaani. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mwaka mzima nilidhani nimekuwa mjinga." Hilo ndilo lililomuuma: si pesa, bali kwamba nilimwacha ajidharau. Kisha akasema neno la pili: "Na yule binti wa duka nilimgombeza bure. Kesho utanipeleka nikamwombe radhi." Tulikwenda. Mimi ndiye niliyeiba, yeye ndiye aliyeomba radhi.

Tangu siku hiyo, nikisikia kijana anasema wazee wanaogopa teknolojia, namuuliza: Ni nani aliyewaogopesha?

MWANDISHI MWADILIFU

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, inazungumzia nini? Inazungumzia deni na kuandikiana. Inataka awepo mwandishi, na mwandishi huyo aandike kwa uadilifu. Kisha inamtaja yule mtu dhaifu ambaye hawezi kueleza mambo yake mwenyewe, na inaagiza kwamba msimamizi wake amsemee, naye kwa uadilifu.

Hebu tuitazame hali yetu. Siku hizi mwandishi ni nani? Ni wewe unayeshika simu ya mama yako. Ukimtumia pesa, ukimjazia fomu ya SHA, ukimfungulia eCitizen pale saiba, wewe ndiye mwandishi, wewe ndiye msimamizi. Umeshika mali ya mtu asiyeweza kukuhesabu. Shahidi wenu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Na Surat An-Nisaa inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. PIN ya mzee ni amana. Hata shilingi kumi yake ni amana.

Wako wanaosema, "Ni nyanya yangu bwana, hata angejua angenipa." Kama angekupa, kwa nini hukumwomba?

TUFUNDISHE NAMNA GANI?

Nikumbushe chuoni. Mwalimu alitufundishaje alif, be, te? Alituwekea kijiti kwenye herufi, tukataja. Tukakosea, tukarudia. Herufi moja siku nzima. Lakini hakuna siku mwalimu alitunyang'anya juzuu akasema, "Lete, nikusomee mimi, wewe huwezi." Angefanya hivyo, leo nani kati yetu angejua kusoma?

Basi na sisi tusimnyang'anye mzee simu. Mambo ni haya:

1. Simu ibaki mkononi mwake. Wewe onyesha kwa kidole, yeye abonyeze. Itachukua dakika kumi badala ya moja. Hizo tisa ndizo sadaka yako.

2. Jambo moja kwa siku moja. Leo kupokea simu na kukata. Kesho kuangalia salio. Usimwagie yote.

3. Badilisha lugha. Menyu ya M-Pesa ina Kiswahili, ingia kwenye akaunti yangu utaikuta. Kama ni simu ya kupangusa, kuza herufi. Wazee wengi hatukuwashinda kwa akili, tumewashinda kwa Kiingereza na kwa macho.

4. Anza na kidogo. Atume shilingi kumi kwako, umrudishie, atume tena. Akikosea kwa shilingi kumi, atacheka. Akikosea kwa elfu moja, hataishika tena.

5. Mwandikie kwenye daftari kwa herufi kubwa: namba za watoto, na hatua moja, mbili, tatu. PIN usiandike.

6. Usiseme "ni rahisi". Kwako ni rahisi. Ukimwambia mtu ni rahisi na yeye hawezi, umemwambia yeye ni mjinga.

7. Mwisho, abadilishe PIN yeye mwenyewe, na wewe ugeuke.

Nyanya yangu ilimchukua Ramadhan karibu yote. Siku ya kubadilisha PIN aliniambia, "Geuka." Nikageuka nikatazama ukuta. Nikasikia vile vibonye: kimoja, kimya, cha pili, kimya. Vinne. Kisha akarudia tena vinne. Akasema, "Alhamdulillah." Mpaka leo siijui namba ile.

WEZI WA MWEZI HUU

Kuna wengine wanaowangoja wazee wetu, na Ramadhan hawapumziki. Wanajua watu wanatoa, mioyo ni laini. Anapiga mtu: "Mama, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Au: "Mtoto wako amepata ajali, tuma haraka hospitali imkubali." Au ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya yatima na namba ya simu.

Wazee wetu, shikeni haya. Safaricom ikikupigia, hupiga kwa 0722 000 000, na haiwezi kukuuliza PIN. Yeyote anayeuliza PIN ni mwizi, hata akijua jina lako kamili. Kabla pesa haijaondoka, simu inaonyesha jina la unayemtumia. Lisome, au msomewe, na kama silo, simamisha. Ukiwa umekosea, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456, na upeleke haraka, kabla aliyepokea hajazitoa. Namba ya mwizi ipeleke kwa 333. Na anayesema amekutumia kimakosa, angalia salio lako kwanza, usiangalie ujumbe, kwa maana ujumbe unaweza kutungwa.

Na habari pia. Surat Al-Hujurat imetufundisha tukiletewa habari tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu bila kujua. Si kila sauti yenye "nimepokea hivi hivi" ni ya kusambazwa. Hapa naomba radhi kwa wazee, lakini magurupu ya familia mnayachemsha sana.

NENO LA MWISHO

Wazee wetu, msione haya kuuliza. Mwenye kuuliza ana haki ya kujibiwa, na mkijibiwa kwa mguno, mwambieni kijana, "Mimi nilikufundisha kushika kijiko." Na PIN yako usimpe mtu, hata mjukuu unayempenda. Mimi nilikuwa mjukuu anayependwa.

Na kama yupo mzee ambaye baada ya yote hayo anasema hataki, asilazimishwe. Tumsindikize, tumfanyie mbele yake, tumsomee kila ujumbe kwa sauti, tumwambie kilichoingia na kilichotoka.

Vijana, tusidhani kutuma pesa kumemaliza haki ya wazazi. Nyanya yangu aliwahi kusema: "Zamani pesa zilikuja na mtu, nikampa maji, nikamuuliza watoto hawajambo. Sasa pesa zinakuja peke yake." Kuunga udugu hakufanywi na Safaricom. Tuma, kisha piga. Piga, kisha nenda.

Kwa hivyo kila kijana aliyeko hapa, kabla ya Idd, achague mzee mmoja. Anaweza kuwa wa nyumbani, anaweza kuwa jirani wa Sofia, Kaloleni au Birikani asiye na mtoto karibu. Mfundishe jambo moja tu mpaka aliweze bila wewe. Na kama kuna kijana hapa mwenye deni kwenye simu ya mzee wake, asingoje mauti yaje kabla yake. Arudi nyumbani leo, kabla ya futari au baada yake, akaseme. Ni kugumu. Lakini nawahakikishia, kuishi nalo ni kugumu zaidi.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Utupe subira kwao kama waliyokuwa nayo kwetu. Uzisafishe mali zetu na haki za watu, na uzikubali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.